Tulikwenda Kuposa, Tukakuta Vita

Kisenyi, Kampala
Jumapili jioni

Yaya wangu Furaha,

Wewe dada yangu uliyenibeba mgongoni mpaka nikaona aibu ya kubebwa, pokea salamu zangu nyingi. Hali yako hapo Uvira? Watoto wanakula vizuri? Na mguu wa mama, uvimbe umeshuka, au bado anaficha dawa za hospitali chini ya godoro na kukwambia amemeza? Mimi sijambo. Nimekonda kidogo, lakini mama usimwambie hivyo, mwambie nimerefuka.

Barua hii inakuja kwa mkono wa Mama Sifa, yule muuza vitenge, kwa hiyo nitaandika bila woga. Barua za posta hapa zinasomwa na watu wengi kabla ya kumfikia mwenyewe, na wengine hawana hata adabu ya kuzifunga tena.

Kazi ya gereji naendelea nayo. Tangu Wahindi wafukuzwe, vipuri ni vya kuotwa tu, basi tunaponya gari moja kwa kuua jingine. Duka la viatu lililo mbele yetu alipewa bwana mmoja wa jeshi. Ameuza vyote vya mguu wa kulia, sasa anagombana na wateja kwa nini hawataki vya kushoto. Sukari imekuwa kitu cha magendo, ukiipata unaifunga kwenye leso kama dhahabu.

Sasa kaa chini, nina habari kubwa. Nimepata mchumba. Anaitwa Neema, anashona nguo Ntinda, na akicheka anafunika mdomo kwa futi ya kupimia. Ni Mkongomani mwenzetu, Mkatoliki kama sisi. Tatizo ni moja tu, Yaya, na usinune kabla hujamaliza kusoma: baba yake ni mtu wa Bukavu. Wakati wa vita vya waasi alikuwa karani wa serikali, na sisi watu wa Fizi unajua tulikuwa upande gani.

Hapa sina baba wala mjomba wa kunisemea, basi nikamwomba Mzee Ramadhani awe mshenga wangu. Huyu ni Mnubi, dereva wa lori, jirani yangu, mtu mzito mwenye kofia safi. Nikamfundisha desturi yetu: anayeposa hafungui mdomo. Anakaa, anatazama mkeka, mshenga ndiye anasema. Mzee akafurahi sana. Akaniambia nikijaribu kusema atanifinya, na Yaya, mzee yule ana vidole vya koleo.

Nyumbani kwa baba yake Neema tulipokelewa vizuri ajabu. Chai ililetwa na sukari, nikajua mambo ni mazuri. Mzee Ramadhani akaeleza shida iliyotuleta, akanisifu mpaka nikatamani kumjua huyo kijana anayesemwa. Ndipo Baba Neema akaweka kikombe chini.

“Miye ninauliza kitu kimoja tu. Ile vita ya kwetu, ni nani aliianzisha? Sitatoa mutoto wangu kwa nyumba ya batu balioanza.”

Nikafungua mdomo. Nikafinywa.

“Vita yote naanza na mushahara,” Mzee Ramadhani akajibu, kana kwamba ameulizwa bei ya dizeli. “Babu yangu askari, baba yangu askari, mimi najua. Askari hapana lipwa, bunduki naenda tafuta chakula.”

“Hapana!” Huyo ni Gaspari, mdogo wake Baba Neema, aliyekuwa ameongeza sukari mara mbili wakati kaka yake haangalii. “Ni bazungu. Bazungu balitaka mali ya ndani ya udongo, bakatugombanisha.”

“Bazungu gani balibeba baiskeli yangu?” akafoka Baba Neema. “Niliona kwa macho yangu. Ni batu ya Fizi! Balijimwangia mayi ya dawa, bakafikiri risasi itateleza, bakakuja bakachukua baiskeli yangu mupya!”

Kuanzia hapo, Yaya, vita vyote vya Kongo vilipita juu ya ile baiskeli. Gaspari akitaja wazungu, kaka yake anataja kengele yake. Mzee Ramadhani akitaja mishahara, anatajiwa taa yake ya mbele. Mimi nilikuwa na majibu yamejaa kifua. Nilitaka kuuliza ni nani aliyechoma nyumba za Fizi, maana baiskeli haikuzichoma. Kila nilipovuta pumzi, paja likapata koleo. Nilikunywa chai ya watu watatu ili niwe na kazi ya kufanya kwa mdomo.

Sauti zikapanda. “Serikali ndiyo ilikosa!” “Baasi ya Fizi ndio!” “Jeshi hapana lipwa!” Maneno hayo, Yaya, katika Kampala hii, tena madirisha wazi! Tulisahau kabisa tuko wapi.

Mlango ukafunguliwa bila hodi. Akaingia bwana mmoja mwenye miwani myeusi, shati la maua, na bastola kiunoni ambayo hakujisumbua kuificha. Watu hao wa usalama wa serikali wakikuchukua, ndugu zako hawapewi hata pa kwenda kuuliza.

“Nani hapa nasema jeshi hapana lipwa? Nyinyi napanga vita gani?”

Gaspari akarudisha kijiko kwenye sukari polepole.

“Hapana vita, afande,” akasema Baba Neema. “Ni... ni posa.”

“Posa? Nani naoa?”

Vidole vyote vikanielekea mimi. Yule bwana akaja akasimama juu yangu. “Wewe ndiyo naoa?”

Nami, Yaya, nikatazama mkeka. Sijui kama ilikuwa woga au desturi. Nadhani vyote viwili, na paja langu lilikuwa limefundishwa vizuri.

“Mimi nauliza, wewe nanyamaza? Huyu nadharau mimi?” Mkono ukaenda kiunoni.

Ndipo Baba Neema akapiga magoti kwenye mkeka, akanishika mabega akanitikisa: “Sema, mukwe wangu! Sema, mutoto wangu, sema!”

“Ndiyo afande,” nikasema. “Naoa.”

Yule bwana akatutazama mmoja mmoja. Akanywa chai yangu yote, akachukua kopo la sukari, akatuambia tufanye harusi bila kelele. Akaondoka.

Tulikaa tukisikiliza viatu vyake mpaka vikaisha. Baba Neema akajifuta uso. “Lile neno ‘mukwe’ nililisema kwa sababu ya bunduki.”

“Neno nasemwa, nasikiwa,” akasema Mzee Ramadhani. “Mimi shahidi. Gaspari shahidi.” Na Gaspari, mwenye huzuni ya sukari, akakubali kwamba ni shahidi.

Baba Neema akatazama mahali kopo la sukari lilipokuwa. Mwishowe akasema haya, nimuoe, lakini watu wa Fizi bado wana baiskeli yake.

Neema alinisindikiza mpaka barabarani. Alikuwa nyuma ya pazia muda wote, amesikia kila kitu. Nikamuuliza kwa mzaha, yeye anasema nani alianza? Hakucheka.

“Miye nilikuwa mutoto. Mambo ya bazungu na mushahara siyajui. Ninajua tu, kwetu ilianza siku mama alienda kuteka mayi, hakurudia.”

Nikamwambia kwetu ilianza siku baba alipokwenda kutafuta chumvi. Akanishika mkono, tukasimama hapo.

Nisalimie shemeji yangu, mumeo, mwambie redio yake siwezi kuitengeneza kwa barua. Nisalimie shangazi, na baba mdogo mwimbaji wa kanisa, na watoto wote.

Kazi kubwa nakuachia wewe, Yaya. Naogopa jibu la mama kuliko nilivyoiogopa ile bastola. Najua atauliza watu wa Neema walikuwa upande gani. Mwambie ukweli, usiuzungushe. Akikasirika, muache akasirike mpaka achoke. Kisha mwambie yule msichana amenituma nimuulize kitu: hajamwita mtu mama tangu akiwa mdogo, je, atamruhusu amwite yeye?

Ni mimi mdogo wako anayengoja jibu,
Bahati