Neno Moja Kwenye Saraka

4 Machi

Baba mpendwa,

Shikamoo. Natumaini mgongo umepoa na mama hajambo. Mimi mzima, kazi tu.

Uliuliza kwa nini tovuti ya karakana haileti wateja. Mtandaoni, baba, huonekani mpaka wengine wakuonyeshe. Kuna saraka, mfano wa vitabu vya simu, kila kazi na fungu lake. Kila saraka inayoweka kiungo cha kuja kwetu ni kama jirani anayemwelekeza mgeni mlangoni kwako. Majirani wakiwa wengi, mtu akitafuta tunatokea juu. Nimeshajaza fomu thelathini na moja. Wewe shona viatu vya miguu isiyolingana, mengine niachie.

Mwanao

29 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Mgongo ni ule ule. Mama yako anakusalimu.

Zimekuja oda tisa, na michoro ya nyayo kwenye karatasi. Kuna mtoto mguu mmoja mfupi kwa inchi mbili, namtengenezea soli nene. Miaka yote hii nilijulikana mtaa huu tu. Ila wateja hawa wanaandika kwa upole mno, kana kwamba tumefiwa. Uliandika nini juu yangu?

Baba yako

6 Mei

Mwanangu,

Hujambo? Sisi tupo. Hukunijibu, nimejibiwa na wengine.

Jana yule mwalimu mstaafu, mteja wangu wa kwanza, aliyehama mtaa huu zamani, alikuja na dada yake, wanalia toka getini. Walinikuta napigilia soli. Mwalimu akakaa chini, akanionyesha simu: “Karakana iliyoachwa na marehemu baba, sasa inaendelezwa na mwanawe.”

Nikamwambia, “Mwalimu, si mimi huyu?”

Akasema, “Nakuona. Mwanao je, anajua?”

Mama yako hajala tangu jana. Nieleze.

Baba yako

15 Mei

Baba,

Shikamoo. Nisamehe. Saraka kubwa kuliko zote ilitukataa mara mbili. Mhariri wake alisema mafundi viatu ni wengi mno. Mara ya tatu nikaandika vile, tukakubaliwa siku hiyo hiyo, na nyingine zikanakili. Ndogo nimeziomba zirekebishe; nyingi hazina hata mtu wa kujibu. Ile kubwa sijaiambia. Ikitutoa, mtu akitafuta tunarudi ukurasa wa tisa, na oda ndio kwanza zimeanza. Nivumilie mpaka mwisho wa mwaka.

Mwanao

24 Mei

Mwanangu,

Huku wazima.

Kumbe nikae kaburini mpaka biashara inoge, ndipo unifukue. Nimekusikia. Viatu vya yule mtoto nimemaliza, kosa si lake. Oda zilizobaki nimempa fundi wa kona. Usinitumie nyingine.

Baba yako

3 Agosti

Baba mpendwa,

Shikamoo. Hii ni barua ya tatu bila jibu. Mgongo unaendeleaje?

Ile saraka kubwa nimeiambia ukweli. Hawakurekebisha neno, wametufuta kabisa. Sasa ukitafuta fundi viatu, hatutokei hata ukurasa wa tisa.

Nikipiga simu anapokea mama, anasema umetoka. Nyuma yake nasikia nyundo. Nikisema, “Mwambie ni mimi,” nyundo inanyamaza, na inakaa kimya mpaka salio langu liishe.

Mwanao