Mbawakawa wa Cresensia

Ngorongoro, 6 Machi 1983

Dada Marsela, shikamoo. Huku ukingoni mwa kreta mimi mzima, ila baridi inanitafuna kama nina deni nayo. Mguu wa shemeji Inosenti umepona?

Kaa chini kwanza. Wale mbawakawa wa mabawa mafupi niliowaokota kwenye majani yaliyooza ya kijisitu chenu, nilipokuja msibani, Daktari wangu mzungu, yule mtafiti wa wadudu, amewatazama kwa darubini. Anasema duniani hawajulikani! Mimi, darasa la tano, nimewapiga maprofesa chenga. Siku hizi hata nyati wananipisha njia.

Nikamwambia: mdudu huyu mpe jina la Cresensia, mtoto wa dada yangu, marehemu asiye na hata picha. Amekubali. Litakaa vitabuni hata sisi tukiwa udongo. Ila niliowaokota wote ni majike, na bila dume hampi mdudu jina. Aprili ikiisha anarudi kwao. Dereva wa lori la kahawa atakuletea kichupa cha spiriti. Mtafute dume, mwenye kichwa kikubwa kama changu. Daktari anavyowapambanua usiniulize, ni mambo ya kisomi.

Mdogo wako,
Valeriani

Ganako, 9 Aprili 1983

Mdogo wangu Vale, marahaba. Mguu wa shemeji yako bado. Mimi nakula, nalala, basi.

Kichupa kilipofika, wanakijiji walikuwa wanafyeka kijisitu tupande mahindi. Nikapiga magoti mbele ya mapanga yao. Jirani yangu Evarista akacheka: "Wee Marsela, umeangusha pete?" Nikasema namtafuta mwanangu. Wakaweka mapanga, wakakaa chini wakanisubiri.

Nimempata mmoja, kichwa kikubwa. Akainua mkia kama nge. Nikaogopa atamchoma dereva, au wewe na papara zako. Nikaukata kwa wembe, nikautupa motoni. Mwili nimeutia kichupani. Majani yaliyobaki wameyachoma.

Mwambie Daktari Mungu ambariki.

Dada yako,
Marsela

Ngorongoro, 2 Mei 1983

Dada, shikamoo. Natumaini mnaendelea vizuri.

Daktari ameondoka. Alimgeuza mdudu wako chini ya darubini, akavua miwani. Kuna jambo sikukuandikia, maana haya mtu hamwambii dada yake: hawa hutambulikana kwa uume wa dume, nao umo mkiani. Mimi niliyetukanana na matingo wa malori ya Arusha nzima, kwako kalamu ilinigoma. Nimefukua majani ya mlima huu mpaka kucha zimeng'oka. Hawapo. Wako amewekwa sandukuni pamoja na wasio na jina.

Nije?

Mdogo wako,
Valeriani

Ganako, 30 Juni 1983

Vale, marahaba. Huku wazima.

Mimi nimezaa. Maiti ya mwanangu nimeiosha kwa mikono hii. Uume wa mdudu ungenitia aibu gani? Ungeniambia tu.

Usije sasa. Mahindi ya pale kijisituni yamenipita kimo, kila mtu anayasifu. Sipiti njia ile.

Jumapili kanisani mgeni mmoja aliniuliza wananiita mama nani. Nikamwambia, Marsela tu.

Dada yako