Kaburi la Mchicha

Mnazi, Agosti 1975. Miaka kumi na minne tangu niteremke kutoka Malindi yetu ya milimani.

Mdogo wangu Raheli,

Pokea salamu za huku kwenye joto. Dukani ilibaki kadi moja tu, nayo ina picha ya milima yenu, usinicheke.

Ardhi hii ina chumvi, mboga hufa zingali changa. Kwa hiyo nilipanga mawe mpaka usawa wa magoti, nikajaza udongo wa bondeni na samadi, nikafunika kwa nyasi. Jirani yangu, Mama Hadija, akitoka shamba la kijiji, alisimama akalitazama tuta.

"Shikamoo, Babu. Umemzika nani?"

"Marahaba. Nimezika samadi ya ng'ombe wako."

"Ndiyo maana marehemu ananuka!"

Jana tulichuma mchicha wa kwanza, tukaula kwa karanga. Mama Hadija aliongeza mara mbili.

Raheli, ujumbe wako umenifikia, kwamba mmenitengea nafasi kando ya kaburi la baba, penye migomba. Nawashukuru. Pandeni viazi pale; udongo ule ni mzuri mno kukaa ukinisubiri.

Mungu akupe afya, na baridi isikuzidi. Mimi sitarudi.

Kaka yako