Nani Atapika Kisiwani?

Jumatatu, 1 Septemba

Pisini tena, bwawa la kuogelea la Kibagabaga hapa Kigali, kabla ya kufungua duka. Maji baridi kama kawaida. Sikio la kushoto likagoma. Nikabana pua, nikapuliza polepole, likafunguka. Béata, mwenzangu wa kuzamia, kakaa sakafuni mwa bwawa mbele yangu, mtungi wa hewa mgongoni, kanitolea macho kama samaki wa sokoni. Nikacheka, maji yakaingia kwenye miwani. Kocha akanigombeza kwa kidole.

Zimebaki mbizi za baharini, ndipo tupate cheti. Kocha kasema masomo ya pisini yana mwaka wake. Ukipita bila kufika baharini, tunaanza upya. Mimi naukaribia uzee. Sianzi upya kitu chochote.

Nyumba ya kisiwani Mafia imepatikana. Vyumba viwili, jiko la gesi, friji, hakuna mpishi, kila mtu ajipikie. Ndivyo nilivyotaka. Mkate, chai, ndizi, basi. Mimi na Béata tuzamie, Hamada ajilaze na redio yake. Mume wangu na maji hawaelewani, tumeshazoea. Wiki moja, Desemba.

Miaka yote hii nimeketi kwenye cherehani hapa Sonatubes. Hata chai sijainywa ikiwa moto. Mama Nadia, zipu. Mama Nadia, pindo. Mama Nadia, harusi ni kesho. Kule chini ya maji hakuna anayeita. Nataka kukaa huko kidogo. Hilo tu.

Jumamosi, 6 Septemba

Hamada kamwambia dada yake.

Wifi Mwamini kapiga simu asubuhi na mapema, sauti ya malalamiko. Mbona mnakwenda kwa kujificha? Pwani si kwa mababu zetu sote? Basi anakuja. Na mabinti zake. Na mkwe. Hamada kasimama mlangoni, simu sikioni, anasema ndiyo dada, karibu dada, penye wengi pana Mungu.

Penye wengi pana masufuria. Nimekata kitambaa cha mteja vibaya kwa hasira, ikabidi nikanunue kingine.

Jumatano, 10 Septemba

Mkwe naye ana mama yake. Anakuja.

Jumapili, 14 Septemba

Kikao Kinyinya, nyumbani kwa wifi. Nyumba haijaisha, vumbi la saruji mpaka kwenye chai. Tumekaa kwenye viti vya kukodi. Dua ya kufungua. Mwenyekiti, katibu, mweka hazina, kama tunaozesha mtu. Sisi watu wa Kigali hatuwezi kwenda kununua hata chumvi bila komite.

Mwenyekiti wifi, nani mwingine. Katibu binti yake mkubwa. Wakafika kwenye jiko. Kila mtu akatazama kikombe chake. Hapo Hamada wangu akasimama, huyu ambaye kwenye vikao vya watu husinzia, akakohoa, akapendekeza jiko lisimamiwe na Mama Nadia kwa sababu ana mkono mzuri.

Makofi.

Na mimi nikafanya nini? Nikainuka, nikasema asanteni. Mtu anapewa masufuria ya watu wanane, anasema asanteni! Wallahi nimejichukia njia nzima mpaka nyumbani. Dereva wa pikipiki kaniuliza kama kuna msiba.

Alhamisi, 18 Septemba

Nyumba ya vyumba viwili tumeiachilia. Komite imechukua kubwa zaidi, mbali na wazamiaji. Jiko lake ni kubwa, wameniletea picha yake nifurahi.

Wifi anataka kubeba maharage, unga wa muhogo na ile sufuria ya harusi. Nimemwambia ndege ya kwenda Mafia ni ndogo, mizigo inapimwa, hata mtu mwenyewe anapimwa. Akasema tutagawana. Halafu kasema atabeba na ndagala kavu.

Ndagala! Kisiwa kimezungukwa na samaki pande zote, mwanamke anatoka Kigali na samaki wakavu kwenye begi. Nikamuuliza kwa nini. Akajibu samaki wa huko hawana ladha ya ndagala.

Béata kapita dukani na vitambaa vyake mabegani. Yeye kakulia Bujumbura, hana breki mdomoni. Kaniambia, Zaina, weye unaenda kuzamia ao unaenda kuosha sahani? Mimi mwenzako chini ya maji, mu jikoni siko mwenzako wa mtu. Akaondoka bila kunywa chai. Kanikasirisha. Ana haki pia, ndiyo maana kanikasirisha.

Jumapili, 21 Septemba

Ratiba imetoka kwenye kundi la WhatsApp, na maua pembeni. Kuwasili. Kupumzika. Kutafuta ndugu wa mababu. Matembezi. Chakula cha pamoja, chakula cha pamoja, chakula cha pamoja. Kuzamia kumewekwa asubuhi ya siku ya kuondoka. Mchana, ndege.

Asubuhi ya siku ya ndege! Kocha katufundisha hilo siku ya kwanza kabisa, kabla hata hatujalowa: ukitoka chini hupandi ndege mpaka siku nzima ipite. Ile hewa bado imo kwenye damu. Ukipanda juu nayo ni soda iliyotikiswa ikafunguliwa. Unaweza kupooza, unaweza kufa.

Maana yake sizamii. Nimeandika kwenye kundi, kwa adabu. Wamenijibu kwa vidole gumba.

Jumamosi, 27 Septemba

Umuganda, kazi ya pamoja ya kila mwisho wa mwezi. Tumelima mtaro, tumefyeka majani, kisha kikao cha mtaa. Wifi kaja kwetu baada ya hapo na buti za tope. Nikamweleza tena, taratibu, mambo ya damu na ndege. Nikaomba wanipe siku mbili za katikati, jiko nitaliacha tayari, vyakula vya kupasha tu. Wifi kapanguza tope, kasema basi Mungu hajapanga, samaki utawaona ukiwa juu, maji ya kule ni meupe.

Nikamtazama Hamada anisemee japo neno. Alikuwa anatafuta kitu chini ya kochi. Hakuna kitu chini ya kochi letu.

Jumapili, 28 Septemba

Béata hakuja pisini. Simu yake haipokelewi. Bila mwenzi huzamii, hata pisini kocha haruhusu. Nikakaa ukingoni, nimevaa suti yangu niliyojishonea mwenyewe, mikono mirefu, kilemba chake cha mpira, nimeikaza kila mshono mara mbili. Watoto wa watu wanaruka majini. Nikalia. Uzuri wa pisini, hakuna anayejua.

Nyumbani nimelipuka. Sijawahi kumsemesha Hamada vile tangu anioe. Nimemwambia kama hakutaka niende angesema hapana, neno lenyewe ni dogo. Lakini mwanamume wa kwetu hasemi hapana. Anaongeza wageni. Anaongeza na kuongeza mpaka safari inazama yenyewe, yeye mikono yake safi.

Hakukataa.

Kakaa. Kavua kofia. Kanihadithia habari za Saidi, mdogo wake. Najua alikufa maji ziwani pale Gisenyi, kabla sijaolewa, kwao hawamtaji ila kwenye dua. Nilichokuwa sijui ni kwamba Hamada alikuwepo. Saidi alivua nguo, akampa, akasema nishikie, narudi sasa hivi. Hamada akasimama ufukweni na shati na suruali na viatu. Akasimama mpaka watu wakaja. Akaulizwa za nani hizi.

Akasema, Mama Nadia, nitashika tena nguo za mtu?

Nilikuwa bado nina hasira, hiyo haikuondoka, ila sikujua niiweke wapi. Nikampa chai.

Jumanne, 30 Septemba

Hatusemeshani vizuri. Si ugomvi. Kila mtu anapita pembeni.

Nimewaza kuacha. Nimwambie basi, nimeacha, kaa kwa amani. Halafu nikaketi kwenye cherehani, mteja akaita Mama Nadia. Siwezi. Namhurumia na siwezi. Yote mawili ni kweli.

Nimemwambia hivyo hivyo jioni. Kwamba nampenda, na nitazamia. Nikamweleza jinsi tunavyokaguana mitungi, jinsi Béata anavyonipa hewa yake yangu ikikwama, jinsi kocha anavyotuhesabu. Alisikiliza akitazama mikono yake. Akasema sawa. Lile sawa lake ambalo linaweza kuwa chochote.

Ijumaa, 3 Oktoba

Mambo!

Baada ya swala Hamada kaita kikao mwenyewe. Kinyinya, vumbi, dua. Kasimama mbele ya komite nzima, akasema ana rekebisho moja. Mama Nadia anatoka jikoni. Mpishi wa safari ni yeye.

Wakacheka. Akawaacha wacheke. Akasema hatanii, kifungua kinywa mpaka usiku, yeye peke yake, asiyetaka chakula chake asijisumbue.

Hamada hajawahi kuchemsha yai. Nchi nzima inajua.

Wifi alikuwa wa kwanza. Kumbe mafundi wake wanapaua Desemba, hawezi kuwaacha. Mabinti wakatazamana, mmoja ana mtihani, mwingine mgongo. Mama wa mkwe hapandi ndege ndogo, daktari kakataza. Hata mkwe, mweka hazina wetu, kajiuzulu kabla chai haijapoa. Manahodha wote wamerukia nchi kavu, chombo kimebaki na wenyewe watatu.

Pale nje wifi kamvuta Hamada pembeni, kaongea naye kwa sauti ndogo. Nilisikia jina la Saidi. Mara ya kwanza namsikia wifi analitaja nje ya dua. Walikaa wameshikana mikono. Hasira zangu kwake zimepungua. Za ndagala bado.

Nimempitia Béata kwake moja kwa moja. Nilikuwa nimejiandaa kuomba msamaha. Hakunipa nafasi, kapiga kelele mpaka majirani wakatoka, kanikumbatia. Halafu kauliza, na huyo mzee atatupikia nini?

Jumapili, 5 Oktoba

Nyumba ya vyumba viwili bado ilikuwa wazi. Tumeirudisha. Ratiba hakuna. Siku ya mwisho tunakaa nchi kavu.

Asubuhi pisini, sikio halikusumbua. Hamada kaja, kakaa kwenye benchi la mbali kabisa, lile la karibu na geti, kageukia barabara.

Jioni kaomba nimfundishe. Nimekaa kwenye kigoda, yeye mbele ya sufuria, kanga yangu kiunoni. Kitunguu kikaungua. Kikaungua tena. Chumvi anaitia kama anapanda mbegu. Nilimuuliza kwa nini asikae tu kwenye kivuli na redio, mimi na Béata tungejitegemea. Kasema hataki kusimama ufukweni mikono mitupu. Akiwa na mwiko atakuwa na kitu cha kushika.

Maharage yalichelewa kuiva. Anayachungulia, anafunika, anayachungulia. Mwishowe kauliza, bila kunitazama, kule chini tunakaa muda gani. Nikamwambia kama wali unavyopikwa, tangu kuchambua mchele mpaka kuupalia.

Kakoroga. Kisha kasema basi kisiwani tutakula wali tu, maharage yanachukua muda mrefu mno.