Kifundo Changu cha Kushoto

Mjukuu wangu Salma,

Salamu kutoka Buruburu. Sisi wazima. Nyanya yako amepaka geti rangi ya kijani na hataki maoni ya mtu.

Umeniuliza kifundo chako cha mguu kilichoteguka kitapona lini. Changu kiliteguka mpirani, nikiwa kijana. Bi Zuhura, mkandaji wa mtaa wetu, alinikanda wiki tatu. Maumivu yalipoisha nikaacha kwenda, kikavimba tena. Niliporudi hakunigombeza. Aliuliza tu, "Unatawadha mara ngapi kwa siku?"

"Tano."

"Basi mkono wako unafika hapo mara tano. Kikande."

Tangu siku hiyo, kila nikiosha mguu nakikanda. Hakijapona. Leo alfajiri kimenifikisha msikitini na kunirudisha nyumbani.

Babu yako