Mzigo wa Bibi Unarudi Jumatatu

Mpendwa mshauri, naomba msaada, na ukinijibu naomba iwe kwa maandishi, kwa sababu simu ndiyo iliyonifikisha hapa nilipo.

Mimi ni msichana wa miaka kumi na minane, nimemaliza shule mwaka huu na niko nyumbani nasubiri matokeo. Naishi na mama, ambaye ni mpishi wa bweni la wanafunzi na huondoka kabla hakujapambazuka, na bibi mzaa mama, ambaye masikio yake yamekuwa yakififia kidogo kidogo mpaka sasa ukitaka akusikie lazima upige kelele. Tuna utani hapa nyumbani kwamba ukimwambia bibi chumvi imeisha, majirani watatu wanaleta chumvi. Mimi ni mtu wa aibu tangu utotoni, shuleni waliniita Kobe, kwa hiyo mimi na bibi huzungumza zaidi kwa mikono na macho na tunapatana sana, yeye huniita mke mwenzangu na husema ndimi peke yangu nisiyemchosha.

Sasa mjomba, kaka yake mama, anafanya kazi ya kuchomelea vyuma nchi ya mbali, na alipokuja likizo alimpeleka bibi hospitali akapimwa masikio, akaondoka na vile vipimo, akaahidi kumtumia kifaa cha kusaidia kusikia. Bibi alifurahi mpaka akaanza kuhesabu watu atakaowasikia, wa kwanza mimi, alisema hajui sauti yangu imekuwaje tangu nikue. Mjomba akatuma kweli. Juu ya mzigo aliandika kifaa cha masikio na jina la bibi, lakini namba ya simu aliandika yangu, maana bibi simu haimsaidii kitu.

Ujumbe ulikuja ukisema mzigo utaletwa kesho kati ya saa tatu na saa tano, nijibu moja kama nakubali, mbili kama nataka kubadilisha siku, tatu kama nataka uachwe kwa jirani, nne kama nataka upelekwe kituo cha kuchukulia. Nikajibu moja. Kesho yake bibi alivaa vizuri akaweka kiti mlangoni tangu asubuhi, maana anajua hodi haisikii, na mimi nikakaa chumbani na simu mkononi. Mtaa wetu nyumba hazina namba, mtu lazima umwelekeze kwa mdomo, na hilo sikuwa nimelifikiria. Simu ikalia, namba nisiyoijua, nikaitazama ikilia mpaka ikakata, ikalia tena, mara nne, nikaifunika kwa mto kana kwamba nimeiba, halafu ikanyamaza. Bibi akaniuliza kwa mkono, vipi? Nikamwonyesha, kesho.

Nikabadilisha siku, nikachagua Jumamosi kwa sababu mama huwa nyumbani, lakini Jumamosi hiyo mwenzake aliumwa na mama akaitwa kazini. Simu ilipolia nilijikaza nikapokea. Mleta mizigo ana sauti kama spika ya mnadani. Akasema, "Haloo! Mwenye mzigo! Niko hapa duka la vioo, nikunje wapi?" Mimi nilijua kabisa akunje wapi, ni kulia halafu mlango wa kijani, lakini maneno hayakutoka. Akasema, "Haloo? Haloo? Jamani, mzigo wa masikio na mwenyewe hasikii kweli!" Nikasikia watu waliokuwa naye wanacheka. Nikakata. Bibi alikuwa mlangoni, amejitanda khanga yake mpya, anaangalia upande huohuo wa duka la vioo.

Najua utaniuliza kwa nini sikujibu tatu. Jirani yetu ni fundi cherehani, mama mwema sana, lakini ingenibidi nimwombe namba yake, na nikimwomba ataniuliza kwa nini mzigo usije kwetu wakati bibi yupo mlangoni kutwa. Kwa hiyo nikajibu nne, nikasema nitakwenda peke yangu kituoni, nitauchukua kimyakimya na mambo yataisha.

Kituo kiko ndani ya duka la vifaa vya shule. Nilipanga foleni, nikafika dirishani, dada wa dirishani akaangalia kompyuta yake akasema kwa nguvu, "Hili ni jina lako wewe?" Nikatikisa kichwa. "Basi aje mwenyewe na kitambulisho chake, au akuandikie barua aitie sahihi, na uje na kitambulisho chake halisi na chako. Na mfanye haraka, dada, tunakaa na mzigo siku saba tu, umeingia leo Jumatatu, Jumatatu ijayo unarudi ulikotoka." Baba mmoja nyuma yangu akasema, "Binti, kama umemaliza tupishe." Nikaondoka.

Mshauri, hayo yote ningeweza kuyavumilia, lakini kuna kitu kibaya zaidi. Jana jioni mjomba alipiga simu ya video, mimi nikashika simu bibi aone uso wake. Bibi hakungoja hata salamu. Akamwambia, "Mwanangu, kama hukutuma sema hukutuma. Mimi ni mama yako, sikudai. Lakini usiniweke mlangoni kama mtoto anayesubiri peremende." Mjomba akafungua mdomo, akaufunga, maana hata angejibu bibi asingesikia. Mama naye akiwa jikoni akasema, "Huyo tangu utotoni ahadi zake ni moshi." Mimi nimeshika simu, nimesimama katikati yao. Baadaye mjomba akaniandikia, "Mpwa wangu, kwenye mtandao wameandika mpokeaji hakupatikana. Hamkupigiwa?" Nikamjibu, "Bado." Mshauri, niliandika neno hilo moja tu, na ni uongo.

Nataka kumwambia bibi ukweli lakini bibi haambiwi kitu kwa kunong'ona. Nikiungama lazima nipige kelele, fundi cherehani atasikia, wateja wake watasikia, mtaa mzima utajua kwamba Kobe aliogopa simu. Na mama akijua atasema nimemdhalilisha kaka yake. Leo ni Jumatano. Nifanye nini?

Kobe

*

Mpendwa Kobe,

Barua yako ilinifikia Alhamisi asubuhi, na kwa kuwa mzigo haungoji gazeti, nilikupigia kwa ile namba uliyoandika chini ya bahasha. Hukupokea. Nikapiga tena, ukakata. Basi nikajua barua ni ya kweli. Haya unayosoma ndiyo niliyokutumia kwa ujumbe siku hiyohiyo, na hapa nayachapa kwa ruhusa yako.

Kwanza pumua. Hujaiba, hujaua, na hujampoteza bibi. Kuna watu wazima wenye ndevu zao ambao simu ya namba ngeni ikilia wanaigeuza kifudifudi mezani. Aibu ni tabia uliyozaliwa nayo na sitakugombeza kwa hiyo. Yule mleta mizigo alikuwa anatania kama wanavyotania watu wa barabarani kutwa, na nadhani alishasahau kabla hajafika nyumba ya pili. Ni wewe peke yako uliyelala na kile kicheko.

Lakini kwa lile neno "bado" nitakugombeza, na ukae unisikilize. Siku ile mbele ya simu, mtu mzima aliambiwa na mama yake mzazi kwamba ni mwongo, na wewe ndiye uliyekuwa na ushahidi kwamba si mwongo, na ulikuwa umeishika hiyo simu kwa mkono wako. Kuogopa ni kwako. Kumwachia mjomba alipe gharama ya woga wako, hapana. Yeye yuko mbali, hawezi kuja kujitetea, na hata akijitetea mama yake hasikii. Umeshafikiri yeye alilalaje usiku ule?

Sasa tufanye kazi. Usibonyeze namba yoyote tena. Najua kidole kitakuwasha kubadilisha siku, au kuurudisha mzigo uletwe nyumbani, lakini kila ukiugeuza njia unaupa nafasi ya kupotea, na siku hazitoshi. Mzigo uko salama pale dukani, uache palepale. Halafu umehesabu vibaya: siku saba ni pamoja na Jumapili, na duka la vifaa vya shule sidhani kama linafunguliwa Jumapili. Kwako mwisho ni Jumamosi. Mimi ningekwenda kesho.

Kuhusu bibi, unaniambia haambiwi kwa kunong'ona. Mwanangu, wewe umeniandikia mimi, mtu usiyenijua, kurasa tatu zenye mwandiko mzuri kuliko wa wengi wanaoniandikia. Kwa nini bibi yako asiandikiwe? Kama macho yake yanasoma, chukua karatasi, andika kwa herufi kubwa. Kama hayasomi, mpeleke chumbani, funga dirisha, mwambie sikioni kwa sentensi fupi, na fundi akisikia nusu, shauri yake, ana nguo za watu za kushona. Sentensi ya kwanza isiwe "samahani." Iwe hivi: "Mjomba alituma. Mzigo ulifika. Ni mimi niliyeogopa kupokea simu." Samahani ifuate baadaye. Watu wengi huanza na samahani ndefu ili yule anayeombwa achoke kabla ya kufika kwenye kosa.

Na akiwa anasoma usikimbilie chumbani. Kaa pale. Atafoka, na kwa masikio yale atafoka kwa sauti ya kuamsha mtaa. Mwache afoke. Mtu aliyekaa mlangoni siku mbili amevaa khanga mpya ana haki ya kufoka. Mama naye mwambie jioni hiyohiyo akirudi, kabla hajavua viatu, maana ukingoja apumzike na wewe utapata sababu ya kungoja zaidi. Usimwombe bibi akufichie.

Kituoni nendeni wawili. Barua yenye sahihi inakubalika, lakini bibi amengoja vya kutosha, aende akapokee kitu chake mwenyewe. Chukua kitambulisho chake halisi, si nakala, chukua na chako, na ule ujumbe wenye namba ya mzigo usiufute. Dirishani yeye hatasikia anachoulizwa, kwa hiyo wewe ndiye utakayesema. Ni maneno matatu tu: "Tumekuja kuchukua mzigo." Yafanyie mazoezi njiani. Yule baba wa foleni akikwambia upishe, mpishe hatua moja, halafu urudi palepale.

Na kwa siku zijazo: mizigo mingi ina nafasi ya kuandika maelekezo kwa mpelekaji. Wewe uliyejua kwamba ni kulia kwenye duka la vioo halafu mlango wa kijani, ungeyaandika hayo na kuongeza "tuma ujumbe, usipige," usingehitaji kusema neno. Si kila wakati aibu hushindwa kwa kupambana nayo. Wakati mwingine unaipitia pembeni na kazi inafanyika.

Limebaki moja. Kifaa kikishafunguliwa, huenda mtaalamu wa masikio akahitaji kukirekebisha, msilazimishe nyumbani. Lakini siku bibi atakapokivaa na kikawa kinafanya kazi, mpigie mjomba mbele yake. Usiandike, piga. Akipokea, sema kwa sauti yako ya kila siku, ileile ndogo, bila kuipandisha: "Mjomba, wewe hukudanganya, ni mimi." Kumwambia mjomba peke yake ni rahisi, ungeweza kumwandikia hata leo, na mwandikie leo. Lakini hili la simu bibi alisikie mwenyewe likitoka kinywani mwako, halafu mpe simu mkononi na utoke nje, maana yeye na mwanawe wana mazungumzo yao.

Haya, inatosha. Karatasi unayo, kalamu unayo. Anza na bibi.