Mihogo ya Sayuni

Mjukuu wangu Zuhura,

Marahaba. Shikamoo yako imenifikia hapa Tabora. Shangazi yako amejifungua mtoto wa kike, wote wazima.

Unauliza Sayuni ni mlima, mji au mbinguni. Enzi ya Mwingereza, kwetu Miteja, katekista alikipa jina hilo kilima walichosalia Wakatoliki. Mama yangu, Mwislamu, alikuwa na shamba la mihogo papo hapo, akaogopa kunyang'anywa. Tukafuatana kwenda kumwuliza.

"Ni neno la Kiebrania," katekista akasema. "Kwanza kilima cha Yerusalemu, kisha mji wenyewe, kisha taifa la Mungu. Tunapoimba, ni mbinguni."

"Makubwa! Na mihogo yangu iko Sayuni ipi?"

Katekista akacheka. "Mihogo ni yako, mama. Jina tumeliazima tu."

Mama hakutulia mpaka alipovuna bila kuguswa na mtu. Msimu uliofuata nikamsikia jirani akimwuliza anakwenda wapi. Akajibu, "Sayuni, kupalilia."

Maana zote za katekista ni sahihi, Zuhura, na asili ya neno lenyewe hata wasomi hawana hakika nayo. Ila mimi nikilisikia naona shamba, na tangu niolewe sijarudi kulipalilia.

Mungu akutunze huko uliko.

Bibi yako,
Mwanaidi